Siku moja maishani mwangu: kutwa na alpaka 18, Ohio

Alpaka ni jamaa ya ngamia kutoka milima ya Andes, na hufugwa kwa sufu yake. Wengi humwona kama mnyama wa kupiga naye picha. Hii ni siku ya Juni, msimu wa kuzaa, kwenye shamba dogo la Ohio, Marekani.

Saa 11 alfajiri. Maji, hei (nyasi kavu), madini ya kulamba, kuzoa mavi. Alpaka wana choo chao, kundi zima hurudi palepale, kwa hiyo ni toroli mbili na kazi imekwisha.

Saa 1 asubuhi. Kupapasa. Sufu huficha ukondefu, na alpaka mgonjwa hujikaza mpaka siku anayoanguka, hivyo macho peke yake hayatoshi. Naweka kiganja juu ya uti wa mgongo, nyuma ya mabega. Mteremko ukinyooka kama paa la nyumba, yuko sawa. Ukibonyea ndani, amekonda. Kisha nafunua kope ya chini: nyekundu ni salama, nyeupe ina maana minyoo inamnyonya damu. Leo pia ni siku ya sindano ya ivermectin, dawa ya minyoo, kila mwezi, chini ya ngozi, mililita 2 kwa mnyama wa kilo 65, kama alivyoagiza daktari wa mifugo. Kulungu wa hapa hubeba mnyoo ambao hupitia kwa konokono, na alpaka akimla konokono huyo kwenye majani, mnyoo hupanda hadi uti wa mgongo. Ukiona miguu ya nyuma inaburuzika, huenda umeshachelewa.

Saa 4. Jike mmoja, uzao wa kwanza, siku ya 343 tangu apandishwe, amejitenga na anakwenda chooni kila mara bila kutoa kitu. Alpaka huzaa mchana, mara nyingi kabla ya saa 8. Uchungu ukianza usiku, namwita daktari. Pua ikatoka, kisha miguu miwili ya mbele. Huo ndio mpangilio unaotakiwa. Mtoto, tunayemwita kria, huning'inia hapo dakika kadhaa huku maji yakimtoka puani, na kumvuta wakati huo ni kosa. Navuta tu zikipita dakika 30 bila hatua yoyote, na nikiona kichwa bila miguu, simu kwanza. Saa 5 na dakika 40 akawa chini: dume, kilo 7. Mama alpaka hamlambi mwanawe, kwa hiyo kumkausha kwa taulo ni kazi yangu. Kitovu nikakichovya kwenye iodini ya asilimia 7.

Hapo ndipo mteja alipofika, na familia nzima. Alimtaka huyuhuyu mchanga, mmoja tu, amlee kwa chupa nyumbani, eti mbwa wao atamliwaza. Nikamweleza kuwa kria haachishwi kabla ya miezi 6. Nikamweleza kuwa alpaka mmoja peke yake hudhoofika, sisi hatuuzi chini ya 3. Akaongeza bei. Akasema jirani yake anaye mmoja na yu hai. Nikarudia kwamba dume anayelelewa na watu huwaona watu kuwa alpaka wenziwe, na akishabalehe humvaa binadamu kifuani kama anavyopigana na dume mwingine. Kilo 70 hizo, na nyumbani kuna watoto. Saa nzima na nusu, kria yuko chini anajaribu kusimama, na mimi niko getini nabishana. Nasema kwa uchungu: anayempenda mnyama huyu kweli hamnunui peke yake.

Nilipogeuka, joto lilikuwa limepanda. Hesabu yetu ni nyuzi za Farenhaiti ukijumlisha na asilimia ya unyevu. Ikizidi 180, alpaka anaweza kufa. Leo 165. Feni zote zikawashwa, mpira wa maji ukaelekezwa tumboni na miguuni. Mgongoni kamwe, maana sufu iliyolowa hufunga joto ndani.

Kria amesimama, ananyonya, lakini mkia hautikisiki na mdomo umekauka: hapati kitu. Nikakamua chuchu zote nne. Nta iliyoziba ikatoka kwenye mbili, maziwa hakuna. Zalio, yaani kondo la nyuma, limetoka zima, nimelitandaza kama suruali na kukagua miguu yote miwili ya suruali hiyo, kwa hiyo tatizo haliko huko. Ni mama mgeni, huenda maziwa yakashuka kesho. Kria hawezi kungoja kesho: hazaliwi na kinga, huipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na baada ya saa 24 utumbo hauipokei tena. Asilimia 10 ya uzito wake ni mililita 700, na nyingi ziingie saa 12 za mwanzo. Nikatoa dang'a ya mbuzi kwenye friza, nikaiyeyusha ndani ya maji ya vuguvugu, kwani maji ya moto huua kinga yenyewe.

Mililita 100, saa 9. Anasimama kwa miguu yake, kichwa hakiinuliwi sana maziwa yasije yakaingia mapafuni. Mama yuko pembeni ananusa. Simbembelezi wala simkumbatii, ingawa ni mzuri mno. Tena saa 11. Tena saa 1 usiku, mgongo wangu umekufa ganzi. Saa 3.

Saa 5 usiku, chupa ya tano, alimaliza yote, akaenda chini ya mama yake, na safari hii mkia ukatikisika. Nikakamua tena: tone moja, zito, la manjano.