Simu yake, nyaraka za wateja wetu

Mimi ni meneja wa ofisi katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, zaidi magari yanayotoka Japani. Mteja wa Nakuru haji tena na bahasha. Anapiga picha kitambulisho, pini ya KRA (namba yake ya mlipakodi) na hati ya shehena, anamrushia karani anayemjua kwa WhatsApp, na kazi inaanza. Simu inayopokea ni ya karani mwenyewe, kainunua kwa mshahara wake.

Kila mtu aliona sawa mpaka mwenzetu mmoja alipotoa notisi ya kuacha kazi. Bosi akaniambia, "Mwambie aiache simu hapa tuisafishe." Dada wa watu akagoma. "Humu mna picha za wanangu na mambo ya mume wangu. Nani ataisafisha, wewe?"

Nilimpigia wakili kabla hasira hazijapanda. Alisema pande zote mbili zina hoja, na hapo ndipo penye hatari. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya yule dada, na kuajiriwa hakumvui haki hiyo. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaibana kampuni kwa data ya mteja hata kama imelala kwenye simu ya mtu binafsi. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Bosi alidhani ni maneno ya karatasi tu, nikamkumbusha ya Septemba 2023: Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila idhini.

Wakili alitupa pia kesi ya Ulaya, ya Bărbulescu wa Romania. Mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kujibu wateja, kisha akanakili kurasa 45 za mazungumzo yake, mengine na ndugu yake na mchumba wake, akamfukuza. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba faragha yake haikulindwa. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini ulimfanya bosi aache habari ya "kusafisha".

Tukakaa chini mimi na yule dada, simu mkononi mwake muda wote. Yeye ndiye aliyefungua mazungumzo ya wateja, moja baada ya jingine. Faili za kazi zilizokuwa hai akazituma kwenye barua pepe ya ofisi, kisha akafuta. Nilidhani tumemaliza, kumbe WhatsApp ilikuwa ikihifadhi kila picha kwenye albamu ya simu, na albamu nayo inapanda Google Photos. Tukakuta pasipoti ya mteja katikati ya picha za keki na maputo ya mwanawe. Ikabidi zifutwe huko nako, na pipa la taka limwagwe. Mwisho akaitoa kompyuta ya nyumbani kwao kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yake. Tukaandika karatasi ya nini kimehamishwa na nini kimefutwa, tukatia sahihi sote wawili.

Kilichobaki ni kuzuia yasijirudie. Kununulia kila karani simu mpya hatukuweza, basi tukanunua laini, zimesajiliwa kwa jina la kampuni, na juu yake WhatsApp Business. Simu nyingi siku hizi zina nafasi ya laini mbili. Kuhifadhi picha kwenye albamu kumezimwa. Jioni laini inajijibu yenyewe kwamba tumefunga, na kwangu hili lina uzito kuliko linavyoonekana: ujumbe wa bosi wa saa nne usiku ni kazi, na siku moja mtu atauleta mbele ya hakimu kama ushahidi wa ovataimu.

Bosi alitaka pia programu ya kuonyesha vijana wa bandarini wako wapi. Kwenye simu zao wenyewe! Nilikataa kuipeleka kwao, na wakili akaniunga mkono.

Simu kupotea ndiko kulikoninyima usingizi zaidi. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa mwenye data hiyo, kampuni ina saa 72 tangu ijue kumwarifu Kamishna. Utaripoti nini, na hujui mlikuwa na nyaraka za nani? Sasa karani akiibiwa kwenye matatu anapiga ofisini usiku huohuo, tunafunga laini, na orodha ya wateja wake iko kwenye kompyuta yetu.

Baadaye kijana mwingine alihamia kwa washindani wetu. Alirudisha laini asubuhi, tukasainiana, akaaga. Mteja mmoja mkubwa alimfuata. Bosi alinuna wiki nzima akitaka tumshtaki, lakini wakili alipopekua hakukuta karatasi yetu hata moja aliyoondoka nayo. Mteja alikuwa anampenda tu.