Mshindani anachezea wapi?

Ni siku ya tano tangu nirudi kutoka Nairobi, na jibu nililompa yule kijana aliyetutembeza katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza bado linanirudia kila ninaposimama mbele ya darasa.

Tulikuwa jukwaani. Alikuwa ameanzia nje, akatuonyesha Hoteli ya Norfolk ng'ambo ya barabara ya Harry Thuku, akatueleza kwamba ukumbi ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, na kwamba hata Oktoba 1976, miaka kumi na mitatu baada ya Uhuru, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulipewa siku chache tu, kwa kuwa ratiba ilikuwa bado imejaa maonyesho ya vikundi vya Wazungu. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa adabu kabisa, "Na nyinyi huko Mwanza, mwalimu, mnachezea wapi?"

Nikasema, "Hatuna pa kuchezea."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaendelea na habari za taa.

Mimi ni mzaliwa wa Kisesa, karibu na Mwanza. Nimekulia karibu na viwanja vya Bujora, ambako kila Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, Bagalu na Bagika, yale makundi mawili ya wachezaji yanayopingana tangu zamani, hukutana kushindana kwa ngoma, na mjomba wangu amecheza bugobogobo, ngoma ya majembe, humo tangu ujana wake, akirusha jembe juu na kulidaka bila kupoteza hatua. Ningeweza kumwambia kijana yule hayo yote. Ningeweza angalau kusema, "Tunachezea uwanjani." Wiki hii mama ameruhusiwa kutoka hospitalini, na mdogo wangu amepata ule uhamisho wa Geita alioungoja miaka miwili, nami nimeshukuru kwa yote mawili, lakini usiku ninachokisikia ni sauti yangu mwenyewe ikisema hatuna.

Jumamosi nilikwenda kukiri kwa Mjomba. Nilitarajia anikemee. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Watazamaji wa huko wanakaa upande gani?"

"Mbele tu, Mjomba, kwenye viti vilivyopangwa safu."

"Na mshindani anachezea wapi?"

"Hakuna mshindani. Ni kundi moja tu linalocheza."

"Sasa mtu akichoka nalo, anakwenda wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Uwanjani kwetu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana wachezaji huja na nyoka, na vioja vya kila namna, na hata dawa za kuvuta watu, kwa sababu mtazamaji ana miguu na anaweza kukuacha katikati ya wimbo. Nilipokuwa mtoto nilimwacha Mjomba mwenyewe nikawakimbilia wapinzani wake, na jioni hakunisemesha.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kijana wa Nairobi alilisimulia mwishoni, wakati mimi nikiwa bado nimeduwaa kwa jibu langu na kumsikiliza nusunusu: kwamba mchezo ule wa Kimathi ulipomalizika, watazamaji waliinuka vitini, wakaungana na waigizaji kwa nyimbo na ngoma, wakatoka nao mlangoni hadi barabarani, kuelekea Norfolk. Nilimsimulia Mjomba, nikiwa nimesimama, mikono ikipunga, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilisimulia kitu kwa furaha namna ile.

"Walitoka na wachezaji?" aliuliza.

"Walitoka nao."

"Wakicheza?"

"Wakicheza, Mjomba."

Akacheka hadi akafuta machozi, akanitaka nianze tena tangu mwanzo. Nimekwisha kuamua kwamba muhula ujao wanafunzi wangu wa kidato cha pili watacheza mchezo wao nje, chini ya miembe, makundi mawili kwa pamoja, bila kiti hata kimoja.

Nilipoaga, Mjomba hakuinuka kunisindikiza, ingawa hajawahi kukosa kunisindikiza. Mguu wake wa kushoto umevimba hadi kwenye goti, na anasema atakwenda hospitalini akishamaliza kuvuna mpunga. Mpunga wenyewe bado ni wa kijani.