Jumamosi yangu na habu ya USB, kutoka Kariakoo mpaka ukumbini

Saa 12 asubuhi

Nimeamshwa na ujumbe wa mpuliza saksafoni wangu: "Dada, habu ishapatikana?" Hata salamu hakuna. Habu ni kile kisanduku kinachogawa tundu moja la USB liwe mengi. Simlaumu. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye send-off huko Tabata. Mtoto wa watu ndiyo kwanza anaingia ukumbini, mama zake wanapiga vigelegele, mara pedi zangu zote, vile vitufe vya taa ninavyopigia muziki, zikazima taa kwa pamoja, kisa habu. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza noti, na ile amri ya kuiachia haikufika kwenye laptopu. Besi ikaganda, ikanguruma kama meli inayoaga bandari, mpaka nilipoifunga programu. MC akaokoa jahazi kwa utani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa msionijua: mimi si DJ. Napiga mapigo moja kwa moja, pedi kwa pedi, mwenzangu anapuliza juu yake. Laptopu moja, kontrola tano, yaani vifaa vya kuiamuru laptopu itoe sauti. Leo usiku tuna harusi Mbezi Beach, na ile habu ya zamani nimeshampa mdogo wangu achajie simu. Kazi hiyo inaiweza.

Saa 2 asubuhi

Chai na chapati, na hesabu juu ya meza. Laptopu yangu ina matundu mawili tu ya USB. Moja ni la saundi kadi, kile kifaa kinachotoa sauti ya laptopu kwenda kwenye spika, na hilo halina mjadala: saundi kadi inaingia kwenye laptopu yenyewe, haipiti kwenye habu. Sauti haisubiri foleni, ikichelewa kidogo tu unasikia mikwaruzo. Linabaki tundu moja kwa ajili ya Push 2 na Launchpad (hizo ndizo za pedi zenye taa), nanoKONTROL2 ya vitelezi, kinanda kidogo cha oktava mbili, na kisanduku cha pedali ambacho fundi mmoja alinitengenezea kwa Arduino, kile kibodi kidogo cha elektroniki cha kujiundia vifaa.

Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, la USB 3.0 linatoa 900. Ukichomeka habu isiyo na adapta yake, watoto wote wanagawana chungu kimoja, na kwa kanuni ya USB 2.0 kila tundu la habu hiyo linahesabiwa miliampea 100. Pedi zenye taa hazishibi hapo. Na ubaya wake ni kwamba nyumbani inakubali! Taa chache zinawaka, unapiga vizuri, unajiona umeokoa pesa. Ukifika ukumbini ukawasha rangi zote, ukapandisha mwanga kwa sababu ya taa za jukwaani, ndipo inadondoka. Tabata ilikuwa hivyo hivyo.

Push 2 angalau ina adapta yake. Bila adapta inawaka, ila taa zinafifia kama kibatari kilichokaukiwa mafuta.

Saa 4 asubuhi

Mwendokasi hadi Kariakoo, nimesimama njia nzima, begi nimelikumbatia. Ndani yake mna laptopu, Launchpad, na kipimo kidogo cha USB, kile unachokichomeka katikati kikakuonyesha volti na ampea. Kipimo hicho nakiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Duka la kwanza, kijana mchangamfu.

"Karibu dada yangu. Hii hapa ina matundu kumi, gigabiti tano kwa sekunde, kitu cha moto!"

"Adapta yake iko wapi?"

Akanionyesha. Nikaigeuza nisome maandishi ya nyuma: volti 5, ampea 2. Ampea mbili kwa matundu kumi! Harusi ya watu mia tano, wali sufuria moja. Na hizo gigabiti tano nifanyie nini? MIDI, ile lugha ambayo vyombo vya muziki hutumia kupeana amri, ilipoanza mwaka 1983 ilikuwa inapeleka biti 31,250 kwa sekunde, na muziki ulichezeka. Kontrola nyingi za leo zinatumia ngazi ya USB ya megabiti 12, na hata hizo hazimalizi.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele za redio kwenye eneo la gigahezi 2.4. Intel wenyewe waliliandika hilo mwaka 2012. Maiki ya saksafoni ya mwenzangu haina waya, na inatumia gigahezi 2.4 hizo hizo. Kipokezi cha maiki kikiwa karibu na habu, sauti inaanza kukatikakatika, na lawama zinamwendea fundi mitambo ambaye hajui hili wala lile.

Duka la tatu ndipo nilipokaa. Mzee mmoja, miwani imeshukia puani, anauza na kutengeneza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unatafuta habu ya kazi au ya kuchajia?"

Nikajua nimefika. Alitoa habu mbili za matundu saba. Ya kwanza ya plastiki, nyepesi kama kiberiti. Aliwahi kuifungua, kwa hiyo akanifunulia: ndani mna chipu mbili za matundu manne manne, moja imechomekwa kwenye nyingine, ndiyo maana yanabaki saba. Akasema si dhambi, nyingi ziko hivyo, ila ujue kwamba hapo umeshapanga habu mbili kwa mfululizo, na mwisho wa USB ni tano. Ukiongeza habu nyingine mbele yake unajitafutia.

Ya pili ni ya bati, nzito, ina matundu ya skrubu ya kuifunga kwenye ubao, adapta yake volti 12 ampea 3. Upande wa kwenda kwenye laptopu ina lile tundu la mraba, la aina ya B, ambalo waya wake unakaza. Hilo kwangu ni kubwa. Tundu la USB-C linavutia, lakini mtoto akikanyaga waya jukwaani linachomoka kama halikuwahi kuchomekwa.

Mzee akanipisha mezani. Nikaunganisha Launchpad, nikawasha pedi zote 64, nikaweka kipimo. Ile ya plastiki ikashuka hadi volti 4.5, wakati USB 2.0 inataka habu yenye adapta isishuke chini ya 4.75. Ya bati ikasimama 5.0, haikutikisika. Nikaomba na jambo moja la ajabu: tuitoe kwenye laptopu huku adapta imebaki kwenye soketi, tuone kama inasukuma umeme kurudi kwenye waya wa laptopu. Habu mbovu hufanya hivyo, na laptopu inaanza vituko. Kipimo kikasoma sifuri. Mzee akacheka, "Binti, wewe umeshaungua."

Kwenye laptopu nina programu ndogo ya bure inayochora mti wa vifaa vya USB. Ikaonyesha kwamba kila tundu lina kitafsiri chake cha vifaa vya mwendo mdogo, yaani kontrola haziminyani kwenye kimoja. Kwa MIDI tupu usingeona tofauti sana, lakini nikipewa sikatai.

Alianzia laki moja na ishirini. Tukaishia tisini na tano, na waya wa USB 2.0 juu. Huo waya nimeuomba makusudi: habu ni ya USB 3, lakini ukiiunga kwa waya wa USB 2.0 inafanya kazi kama 2.0, na zile kelele za 2.4 hazizaliwi.

Saa 7 mchana

Wali maharage, haraka haraka.

Saa 8 mchana

Nyumbani, jaribio lenyewe. Kontrola zote tano kwenye habu, Push 2 ikiwa na adapta yake, rangi zote nyeupe, nusu saa bila kupumzika. Ndani ya Windows nimeondoa ile tiki inayoruhusu kompyuta kuizima habu ili kuokoa umeme. Kila tundu nimelibandika tepu na jina, maana ukihamisha kontrola kutoka tundu la pili kwenda la nne, Windows inaweza kuiona ni mgeni, na mipangilio yako yote inapotea.

Halafu nikachomoa adapta kwenye soketi.

Giza. Laptopu ina betri, haina habari, lakini kontrola zote zimezimika, kisha zikaanza kurudi moja moja. Hapo nikaelewa kwamba kwa mji wetu, habu bora yenye adapta bora bado ina nusu ya kasoro. Umeme ukikatika sekunde mbili tu, umerudi Tabata.

Macho yakaenda kwenye kona ya ruta. Pale kuna ile yuu-pi-esi (UPS) ndogo ya intaneti, betri ya akiba ya umeme ukikatika, yenye volti 5, 9 na 12. Tundu la 12 linatoa ampea 2, wati 24. Kwa kipimo changu kontrola zote zinakula wati nane hivi. Nikalinganisha alama za chanya na hasi kwenye plagi, maana ukizigeuza ni moshi, nikaunga. Nikachomoa soketi tena. Pedi hazikupepesa hata jicho.

Leo nyumbani hakuna intaneti. Watazoea.

Saa 11 jioni

Ukumbini. Adapta na waya vyote vimefungwa kwa tepu nyeusi. Kulikuwa na mvumo kwenye spika kila nilipounga habu. Nikahamishia vyote kwenye ekstensheni moja na saundi kadi, ukapungua, fundi mitambo akaumalizia kwa kubonyeza swichi ya ardhi kwenye DI boksi yake, kile kisanduku kinachounganisha chombo na mitambo ya sauti. Hatukugombana, jambo la nadra.

Saa 3 usiku

Maharusi wako mlangoni, kamati imejipanga na sare zao, saksafoni imeshaanza. Paap! Umeme.

Ukumbi mzima giza, isipokuwa meza yangu. Pedi 64 zinang'aa, kila kontrola hai, napiga mdundo safi kabisa ambao hakuna anayeusikia kwa sababu spika zimekufa. Mwenzangu amegeuka ananitazama, mimi namwonyesha kidole gumba kama mwendawazimu. Akaendelea kupuliza bila maiki, akina mama wakaongeza makofi.

Jenereta lilichukua kama nusu dakika. Spika ziliporudi, mdundo ulikuwa pale pale, kwenye pigo lake. Bibi harusi aliingia akicheza.

Saa 7 usiku

Fundi mitambo amenifuata nikifunga mabegi. "Dada, hicho kidude umepata wapi?" Nimemwelekeza kwa mzee, na nimemwambia asikubali laki na ishirini.

Nimefika nyumbani kwa bajaji. Yuu-pi-esi ina taa moja tu iliyobaki, na mdogo wangu amelala sebuleni na simu kifuani, amechoka kusubiri intaneti. Nimeirudisha kwenye ruta kabla sijavua viatu.