Mustang ya mwaka 1967 yapata gia ya tano
Baada ya miezi mitatu ya kukaa juu ya magogo uani kwetu hapa Malindi, Mustang yangu ya mwaka 1967 ilitoka jana jioni hadi Gede na kurudi. Giaboksi yake ya gia tatu ilikuwa ikiunguruma na kuchomoka gia ya pili, nikaona heri nifunge T-5 ya gia tano, iliyotoka katika Mustang ya miaka ya 1980. Fundi alibadilisha beringi zote, kisha akaondoa kifuniko cha mbele cha alumini na kuweka cha chuma, kwa kuwa beringi ya klachi huteleza juu yake na alumini hulika upesi. Kilichotuchosha ni mhimili unaobeba giaboksi, ambao tuliuchomelea mara mbili. Nusura pia nitie oili nzito niliyouziwa dukani, ilhali T-5 ya aina hii hutumia oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki. Katika gia ya tano, yenye uwiano wa 0.68, injini huzunguka mara 68 kwa kila mizunguko 100 ya propela shafti, na kelele imepungua mno. Klachi bado nzito kidogo.