Nimemlipa mshauri halafu mimi ndo nikawa mwalimu

Sesheni yangu ya kwanza ya ushauri nasaha ilikuwa dakika 50 na kama 20 hivi ziliishia kumweleza yule dada kwa nini mtoto wa ndugu yangu analala kwangu na kwa nini siwezi tu kumwambia mama sina hela nikakata simu. Akaandika kitu kwenye daftari, akasema nijifunze kuweka mipaka. Basi. Nikaitikia kwa kichwa maana tumezoea, ukitoka kwenye jamii inayotazamwa kwa jicho la pembeni ndo unavyomalizana na watu wa ofisini, hospitali, kila mahali. Sikurudi.

Halafu tunaambiwa watu wa aina yetu hatuamini ushauri nasaha. Jamani, tuanzie wapi? Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, alisema mtumwa anayetoroka ni mgonjwa, na ugonjwa akaupa jina kabisa, drapetomania! Kwa hiyo mtu akikaa kimya kwenye kile kiti usikimbilie kuandika hatoi ushirikiano, huenda anakupima tu.

Mshauri wa pili alianza na swali, "nyumbani kwenu hali hii mnaiitaje?" Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikamwambia tunasema roho nzito. Akalishika hilo hilo, kila wiki ananiuliza roho ina uzito gani leo, neno depresheni hakunilazimisha. Baadae nikaja kujua maswali haya yapo rasmi, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, una usaili wa maswali 16, tatizo unaliitaje, unadhani limetokana na nini, ndugu zako wanasemaje. Ni kuuliza tu, na watu hawaulizi.

Na huyu hakuwa wa kabila langu wala dini yangu. Kuna wanaosema tafuta wa kwenu, mi nabisha kidogo, wa kwenu anaweza akakuhukumu vizuri tu, tena kwa lugha unayoielewa. Huyu alikuwa anakosea, siku moja akauliza kitu kuhusu msiba wetu kikanichoma, nikanyamaza, akaona, akasema "hapo nimeteleza, nisahihishe ukitaka, usipotaka pia sawa."

Ile ishu ya mama na hela hakuleta habari za mipaka. Aliuliza mama akishapokea huwa anasemaje. Nikacheka, nikamwigiza anavyoniombea dua ndefu mpaka salio linakata, halafu katikati ya kuigiza nikaanza kulia.