Ile "to" si "ku-" yetu

Wiki iliyopita, katika steshenari moja ya Ngamiani hapa Tanga, kijana aliyekuwa akiomba kazi ya ukarani aliniamkia, kisha akaniomba niipitie barua yake kabla haijachapishwa. Ilikuwa barua nzuri, yenye anwani mahali pake na maelezo yasiyo na majivuno, ila ilifungwa kwa sentensi hii: "I look forward to hear from you." Nilimwambia kwamba "hear" haina budi kuwa "hearing", naye akaniuliza swali ambalo wengi wetu hatukupewa jibu lake shuleni: "Kwa nini, mwalimu, ilhali baada ya 'to' huja kitenzi kitupu?"

Kosa hili halitokani na uzembe. Chanzo chake kimo katika Kiswahili chenyewe. "Ku-" yetu inabeba kazi mbili. Katika "nataka kusikia" tunaichukua kama kitenzi, lakini katika "kusikia kwake kumepungua" neno hilo hilo ni nomino ya ngeli ya KU, nalo ndilo linalotawala upatanisho wa sentensi nzima. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maumbo mawili, "to hear" na "hearing", na anayefikiri kwa Kiswahili hushika lile la kwanza kwa kuwa ndilo alilokaririshwa kuwa ni "kusikia".

Tena "to" yenyewe ni maneno mawili yenye sura moja. Katika "I want to hear" ni alama ya kitenzi. Katika "look forward to" ni kihusishi, kama ilivyo katika "I am going to Pangani", na kihusishi hudai nomino baada yake. Ukitaka kupima, ondoa kitenzi uweke jina la kitu: "I look forward to your letter" inasimama, ilhali "I want to your letter" haisimami. Panapokaa "your letter", ndipo inapokaa "hearing". Kipimo hiki kinafaa pia kwa "I object to" na "I am used to", mradi hii ya pili isichanganywe na "I used to live in Tanga", yaani zamani nilikuwa nikiishi Tanga, ambayo kweli hufuatwa na kitenzi kitupu.

Wapo wanaosema kwamba maana inaeleweka hata hivyo. Mimi siafiki, kwa sababu barua ya kazi husomwa na mtu asiyemjua mwandishi, na sentensi ya mwisho ndiyo anayobaki nayo anapoiweka mezani. Sisi wa pwani tukisikia "kitabu yangu" masikio hushtuka papo hapo. Msomaji wa Kiingereza naye hushtuka vivyo hivyo akikutana na "to hear" mahali hapo.

Kijana aliijaribu kwa sauti mara mbili, kwanza kwa "your reply", kisha kwa "hearing from you", akachagua ya kwanza kwa ufupi wake, akamwomba dada wa steshenari airekebishe na kumtolea nakala mbili.