Simu za siku ya 28

Masimulizi ya korona huwa na madaktari na wauguzi wa zamu, nao wanastahili kila sifa wanayopewa. Lakini katika wodi zile aliingia pia mtu mwingine, kavaa gauni lile lile na barakoa ile ile, ambaye hakuja na sindano wala mtungi wa oksijeni. Alikuja na fomu ya ridhaa. Huyo ndiye mimi. Ni muuguzi wa utafiti, na wakati wa janga kazi yangu ilikuwa kuwaomba wagonjwa waingie kwenye majaribio ya dawa ambazo hakuna aliyejua kama zingewafaa.

Kabla ya hapo, ridhaa haikuwa na haraka. Mtu anasomewa maelezo, anauliza, anakwenda nyumbani na karatasi yake, anashauriana na wa kwake, kesho anarudi au harudi. Korona ikafuta yote hayo. Mgonjwa anahangaika kuvuta pumzi, ndugu wamezuiwa getini, na jaribio linamtaka mapema kabla ugonjwa haujashika kasi. Nilisoma maelezo kwa sauti kubwa ili ipenye barakoa, miwani imejaa ukungu, jina langu limeandikwa kifuani kwa kalamu nene kwa kuwa uso hauonekani. Ndugu alisikiliza kwa spika ya simu iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Karatasi iliyotiwa sahihi haikuruhusiwa kutoka wodini, kwa hiyo mwenzangu aliipiga picha kupitia kioo cha dirisha.

Kugumu zaidi kulikuwa kueleza namna watu wanavyogawiwa makundi. Aliye katika hali ile anataka kusikia kwamba daktari amemchagulia dawa iliyo bora. Mimi namwambia kompyuta ndiyo itakayompanga, kwa bahati nasibu, na huenda akaangukia kundi la matibabu ya kawaida tu. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasogeza kidogo barakoa ya oksijeni, akauliza, "Kwa hiyo nyote hamjui?"

"Hatujui, mzee. Ndiyo maana tunauliza."

Alitia sahihi. Wa kitanda cha pili alikataa. Nikamshukuru vile vile, nikamwita muuguzi wa zamu aje amgeuze ubavu kama alivyoomba. Wodi ambayo hakuna hata mmoja anayekataa hunitia shaka: sidhani kama watu wameulizwa kweli.

Siku hizo ndugu walinisihi mgonjwa wao apewe haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, maana ilikuwa imesifiwa kila kona. Kuwaambia "bado haijulikani" kulionekana kama kuwanyima. Kisha Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza, RECOVERY, likatoa majibu mawili ndani ya wiki mbili. Tarehe 5: haidroksiklorokwini haikupunguza vifo vya wagonjwa waliolazwa. Tarehe 16: deksamethasoni, dawa ya miaka mingi inayopatikana kwa urahisi, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni bila mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Wagonjwa 2,104 walikuwa wamepangiwa dawa hiyo, wakalinganishwa na 4,321 waliopata matibabu ya kawaida. Nilisoma tarakimu hizo nikiwaza vitanda. Kila mmoja wao, au aliyemsemea, aliulizwa katika saa mbaya kuliko zote, akakubali.

Hayo watu wanayajua. Wasiyoyajua ni simu za siku ya 28.

Majaribio mengi ya korona yalipima kama mgonjwa yu hai siku 28 baada ya kuingia. Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani tulimtafuta kwa simu. Orodha iko mbele yangu, kompyuta imefunguliwa kwenye dodoso, napiga. Mara nyingi anapokea mwenyewe, sauti imerudi, na furaha yangu siifichi. Lakini siku nyingine anapokea kijana: "Mama tulimzika." Na kwenye kioo cha kompyuta swali linalofuata linataka tarehe, kisha sababu.

Mimi huliacha dodoso. Namwuliza kijana yuko na nani, namsikiliza, na nikiona anataka kuongea habari za mama yake tunaongea. Tarehe nitaiomba mwishoni, au nitapiga siku nyingine. Mara moja binti aliniuliza kama dawa yetu ndiyo iliyomwua baba yake. Nilimweleza baba alikuwa kundi gani, alipewa nini na hakupewa nini, na kwamba kila kifo kwenye utafiti huripotiwa na kuchunguzwa na watu wasio sisi. Alikuwa na haki ya kupata jibu lote, tena kutoka kwa yule yule aliyemletea baba yake fomu.

Baada ya simu kama hiyo, jina linalofuata kwenye orodha linasubiri. Bajeti za tafiti nilizowahi kufanyia kazi zilihesabu glavu, mirija ya damu, hata muda wa maongezi. Sikuona mahali palipotengwa pesa za mshauri nasaha wa wapiga simu, wala zamu iliyopunguzwa kwa ajili yao. Tulifarijiana wenyewe, kwenye ngazi za nyuma, kila mtu na umbali wake.

Wanaoandika itifaki (mipango kamili) za majaribio yajayo ningependa waje wakae nasi siku moja, wavae vipokea sauti, wapige majina yote ya orodha ya siku ya 28. Wakimaliza, ndipo wafungue ukurasa wa bajeti.